Mtoto anayejificha nyuma ya mama hajakosa adabu

Mgeni kaingia. Mtoto wa miaka miwili kajibana nyuma ya mama yake, ameikunja khanga ndani ya ngumi zake mbili. "Msalimie mjomba! Sema shikamoo!" Kimya. "Huyu mnamdekeza," mjomba anasema, na mama kwa kuona haya anamsukuma mbele. Mtoto anaangua kilio. Kesho akisikia hodi, atakimbilia chumbani kabla hata hajajua ni nani.

Mtoto huyu hajadekezwa. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto wa New York tangu uchanga, wakakuta kwamba hulka huonekana mapema mno. Takriban watoto 40 katika kila 100 walikuwa wepesi, 10 wagumu, 15 wazito kuzoea, na waliobaki hawakuangukia kundi lolote moja. Mzito kuzoea hukikwepa kitu kipya mwanzoni, kisha akipewa muda hukikubali. Muda huo ndio tunaomnyima.

Tofautisha pia umri. Kuanzia miezi 6 hadi 9 hivi, karibu kila mtoto huanza kuogopa sura ngeni, hata yule aliyekuwa akichekea kila mtu. Ni dalili ya kukua: sasa anawajua walio wake. Kumpitisha mkono kwa mkono sebuleni wakati huo "ili azoee" humfunza tu kwamba akilia hasikilizwi.

Mgeni akija, mpakate mtoto, mgongo wake kwenye kifua chako, ili aone chumba kizima. Mwombe mgeni asimkazie macho wala asinyooshe mikono, azungumze nawe. Vumilia dakika 10 au 15. Mgeni aweke kifuniko cha sufuria au mpira mkekani, kati yake na mtoto, kisha aendelee na maongezi. Mtoto atashuka mwenyewe, atachukua, atarudi kwako mbio. Mwache arudi. Mara ya pili atakawia zaidi kule. Kosa la kawaida ni mgeni kumnyakua mara tu anaposogea. Mkianza upya hapo, itachukua muda mrefu kuliko mwanzo.

Chekechea ndipo penye kazi kubwa. Mpeleke siku mbili tatu kabla ya kuanza, mapema, darasa likiwa na watoto wachache, aone choo kilipo na amjue mwalimu kwa jina. Siku yenyewe muage kwa maneno mafupi yaleyale kila asubuhi: "Mama anaondoka, atakuja baada ya uji." Taja jambo analolijua, si saa. Kisha ondoka, na usichungulie dirishani. Wengi hutoroka mtoto akiwa amegeuka, wakidhani wanampunguzia kilio. Kilio hupungua siku hiyo, lakini mtoto amejifunza kwamba mama hupotea bila taarifa, na jioni hatakuachia hata uende bafuni.

Acha kabisa kumtisha kwa sindano ya daktari, na usiseme "huyu ana aibu" mbele yake, maana atalishika jina hilo. Sema badala yake: "Anaangalia kwanza." Shikamoo ifanyieni mazoezi nyumbani, mwanasesere akiwa mgeni. Kwa mgeni wa kweli, wewe mwamkie, na mtoto apunge mkono tu. Neno litafuata likishazoeleka mdomoni.

Kuna ukimya usiofaa kungojewa. Mtoto asiyetabasamu akitabasamiwa hata baada ya miezi 3, aliyekuwa akisema maneno kisha akayaacha, au anayeongea vizuri nyumbani lakini hasemi neno shuleni zaidi ya mwezi mmoja baada ya wiki zile za mwanzo, mpeleke kliniki. Andika kwanza lini huongea, na nani, na wapi. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko kumwona mtoto kwa dakika chache akiwa amenyamaza mapajani mwako.