Ameathirika na nini?

SWALI: Nimesoma makala isemayo, "Mabadiliko ya protini ya virusi yanaweza kuchelewesha UKIMWI kwa waathirika." Chini yake mwandishi akaandika "virusi imebadilika". Ni imebadilika au vimebadilika? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Vimebadilika. Neno asili yake ni Kilatini, huko lilimaanisha sumu. Lilipotufikia na vi- yake mbele, tukaliingiza ngeli ya KI-VI: kirusi kimebadilika, virusi vimebadilika. Warusi watatuwia radhi kwa kuichezea lugha yao. Hilo limekwisha.

Lakini ndugu yangu, umeokota dogo ukaruka kubwa. Waathirika! Neno hili huniharibia chai ya asubuhi. Athari ni Kiarabu, alama inayobaki kitu kikishapita. Na kitenzi kikivaa -ika namna hii, kinatangaza hali iliyokwisha kutimia. Glasi ikidondoka tukaiokota nzima, nani atasema imevunjika? Basi kwa nini mtu akipimwa leo akakutwa na VVU, jioni mtaa mzima unanong'ona kwamba ameathirika?

Nina mfano wangu, na wanaonisoma siku zote watanivumilia: Sydney, Australia. Kati ya 1981 na 1984 watu wanane waliongezewa damu ya mchangiaji mmoja aliyekuwa na VVU. Kwa kawaida, asipotumia dawa, mtu hufikia UKIMWI baada ya miaka kama minane hadi kumi. Wengi wao wakauvuka mwaka wa kumi bila ugonjwa wowote utokanao na VVU. Mwaka 1995 watafiti wakachapisha sababu: virusi vyao vilikuwa vimepoteza vipande vya jeni iitwayo nef. Protini ya Nef, ikiwa nzima, huondoa juu ya seli iliyovamiwa zile alama zinazoiwezesha kinga ya mwili kuitambua. Ikikosekana, seli hiyo haijifichi vizuri, na virusi huzaliana kwa kusuasua.

Sasa niambie, mwathirika hapo ni nani? Mimi naona ni kirusi.

Najua kuna atakayedakia kwamba mchangiaji mwenyewe hatimaye kinga yake ilishuka, akaanzishiwa dawa mwaka 1999. Kweli kabisa, hitilafu ile ilichelewesha ugonjwa, haikuuzuia. Kinga iliposhuka, sema kinga imeathirika, nitakupigia makofi. Miaka yote ya kabla ya hapo alikuwa mtu anayeishi na VVU. Maofisini wanafupisha WAVIU, kifupisho kisicho na mvuto hata chembe, ila hakisemi uongo.

Vijana wa vijiweni waliposema fulani "kakanyaga miwaya", walijua wanatania, tena kwa ukatili. "Mwathirika" halitanii. Limevaa suti, limekaa ndani ya risala ya mgeni rasmi, na kila anayelitamka anajiona mstaarabu. Wengine huliandika "muathirika", kana kwamba nao huenda kwa "mualimu" kujifunza kusoma.

Waathirika wa mafuriko nawaachia neno lao. Nyumba imekwenda na maji, tubishane nini? Na shangazi yangu akisema jirani "kaathirika", nitanywa chai yangu kimya. Mhariri mwenye kamusi mezani ndiye nitakayempigia simu, tena kabla hajafungua kinywa.