Makochi ya watu saba, sebule ya futi 10 kwa 12

SWALI

Mwanangu, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwaka jana, baada ya mzee kufariki na watoto wote wakiwa na miji yao, nilikubali kuiacha nyumba yetu ya vyumba vitano kule Tukuyu nikahamia Uyole, karibu na binti yangu. Hapa nina vyumba viwili na sebule ya futi 10 kwa 12. Nimekuja na seti yangu ya makochi, yaani la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, pamoja na stuli yake ya kioo. Nimekuja pia na kabati la vyombo la mninga ambalo mzee alilichongesha mwaka tuliooana. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo ndani giza, na mapazia yangu ni yale mazito ya zambarau. Binti yangu anasema niuze vyote ninunue vipya. Mimi siwezi kusimama mlangoni nikitazama kabati lile likipakiwa kwenye guta. Tena wageni wakija watakaa wapi? Nisaidie.
Bibi wa Uyole, Mbeya

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu mama yangu naye alihama Mafinga akaja hapa Iringa, Kihesa, mwaka 2016, na mimi ndiye niliyempangia nyumba. Nilimpangia vibaya. Nilitaka asijisikie amepungukiwa, nikaingiza makochi yote, meza zote, mpaka na redio kubwa ya marehemu baba. Miezi miwili mama alikuwa akishinda jikoni juu ya kigoda. Nilipomuuliza kwa nini hakai sebuleni, akanijibu, "Mle hamna pa kupitisha mguu." Tangu hapo, kabla sijapima dirisha la mtu, namuuliza kwanza: saa kumi jioni unakaa wapi, na unafanya nini? Nakuuliza na wewe. Kama saa hizo unasoma Biblia au unasahihisha madaftari ya wajukuu, basi kiti unachokalia saa hizo ndicho kiingie wa kwanza, kiwekwe pembeni ya dirisha. Vingine vyote vitafuta nafasi baada yake.

Sasa tupige hesabu. Futi 10 kwa 12 ni kama mita 3 kwa 3.6, yaani mita za mraba 10.8. Kochi la watatu la seti za kawaida lina urefu wa karibu mita 2 na kina cha sentimita 90. La wawili ni mita moja na nusu hivi, na yale ya mtu mmoja yanakaribia mita moja kila moja. Ukijumlisha na stuli, unapata kama mita za mraba tano na nusu. Nusu ya sebule imeshaliwa, na kabati bado liko nje. Usiniamini mimi, chukua chaki. Wewe ni mwalimu, hukosi kipande. Chora kila kochi sakafuni kwa kipimo chake, kisha tembea kutoka mlango wa nje hadi wa chumbani ukiwa umebeba sinia la chai. Mahali utakapokanyaga mstari, pana kitu cha kutoka. Njia ya kupita isipungue sentimita 70. Kwa umri wako ningependa ifike 80, maana kujikwaa usiku umeme ukikatika si jambo dogo.

Ushauri wangu: baki na kochi la wawili na moja la mtu mmoja. La watatu mpe binti yako au liuze. Stuli ya kioo itoke kabisa. Ina kona za kuumiza goti, na inachukua katikati ya chumba ambako wajukuu wangetandikiwa mkeka. Weka kigoda kimoja au viwili vya mbao kando ya viti, vinatosha kikombe na miwani.

Wageni? Mwalimu, wewe unajua kuliko mimi. Kwetu huku watu wakizidi kumi, iwe kipaimara, iwe msiba, huwa tunakaa nje chini ya turubai, hata mwenye nyumba awe na sebule kama ukumbi. Wageni wa kawaida ni wawili, watatu. Hao wana viti. Nunua na viti vinne vya plastiki vinavyopandana, vikae stoo au nyuma ya mlango wa chumba.

Kabati la mzee usiliuze. Hapo sikubaliani na binti yako, na naomba umsomee mstari huu. Mninga uliokomaa mchwa hauutaki kirahisi, na mbao za unene ule ukizitafuta leo utalipa fedha nyingi. Makabati mengi ya zamani yalitengenezwa vipande viwili: la chini lenye milango na la juu lenye vioo, likiwa limekalishwa tu au kufungwa kwa skrubu nne. Mwite seremala alikague. Kama linaachana, la chini liende sebuleni chini ya televisheni, likae na vyombo vya wageni. La juu liende chumbani kwako, liwe la vitabu na picha. Usimruhusu kulipaka rangi. Mwambie aondoe vanishi ya zamani iliyokuwa nyeusi, aanze na msasa namba 120, amalizie na 240, apake vanishi mpya isiyo na rangi. Utashangaa wekundu wa mninga ukirudi. Ndani ya sebule yenye giza, ubao ule ukipata mwanga kidogo ndio utakuwa pambo lako kubwa. Kwa hiyo kuta ziwe kimya. Paka nyeupe ya maziwa kote, na siling nyeupe kabisa.

Ila kabla ya rangi, pitisha mkono ukutani. Uyole ina baridi na mvua zake ni ndefu, toka Novemba hadi Aprili. Ukuta unaokaa kivulini hushika unyevu na kutoa madoa ya ukungu, na rangi ikipakwa juu ya unyevu hubanduka kama ganda. Tafuta maji yanakotoka, kama ni bati au mfereji wa nje, rekebisha, acha ukauke, ndipo upake. Na kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite.

Dirisha ndilo lililonifikirisha zaidi. Mwanga wako wote unatoka kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo ukuta ule ndio taa yako. Nenda kwa jirani, mpelekee hata mkungu wa ndizi za Tukuyu, umwombe ruhusa upake chokaa upande unaokutazama, kwa gharama yako. Nimeshafanya hivyo kwa mteja mmoja Mtwivila, na sebule iliyokuwa ikiwashwa taa saa sita mchana ikaacha kuwashwa. Kioo cha kujitazamia kitundike kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, siyo kwenye kona ya giza.

Mapazia ya zambarau yahamie chumbani, yatakufaa kwa baridi ya Juni na Julai. Sebuleni weka shia nyeupe, yaani pazia laini linalopitisha mwanga, na pazia moja la kitambaa chepesi. Bomba la kutundikia mapazia lipigwe juu, karibu na siling, na lizidi dirisha kwa sentimita 25 kila upande. Ukifungua, kitambaa kinalala ukutani na kioo chote kinabaki wazi. Hii ni kazi yangu ya kila siku na bado naona mafundi wakikata bomba sawasawa na dirisha. Robo ya mwanga inapotea hapo.

Na kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Tukuyu ulikuwa na nyumba pana yenye upenyo wa hewa. Kwenye sebule hii ndogo, usiingize jiko la mkaa kujipasha moto, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na chumba kidogo kilichofungwa hujaa upesi. Tafadhali sana. Vaa sweta, jifunike blanketi, weka maji ya moto kwenye chupa.

SWALI

Tumehama nyumba nzima tukaja kupanga chumba na sebule Ipogolo. Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja ukutani. Vitu vimejaa sakafuni.
Mama wa mapacha, Iringa

JIBU

Dada, pole na mapacha. Chongesha shelfu la kusimama lenyewe, refu, jembamba, la mbao za paini za Mafinga. Hakikisha mbao zimekauka. Mbao mbichi ni nzito mkononi na zitapinda ndani ya miezi michache. Shelfu liegemee ukuta likiwa limeinamia nyuma kidogo, na vizito vikae chini ili watoto wasiliangushe. Nguo na midoli viingie kwenye vikapu vya milulu, yale majani yanayosukwa huku kwetu. Chagua vyenye kifuniko na vinavyolingana kimo, vipangike chini ya kitanda. Pima uvungu kabla hujaenda sokoni.