Kengele ya shule inachelewa kila siku: kosa liko kwenye programu au kwenye chipu?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Njombe. Nimetengeneza kengele ya shule kwa chipu ya ATmega328P bila kristali (kile kijiwe kinachotoa mapigo sawasawa ya kuhesabia muda), inatumia saa yake ya ndani ya megahezi 8. Taima 1, kihesabio cha ndani ya chipu, nimeigawa kwa 256, na OCR1A, yaani namba inayohesabu hadi kufika, nikaweka 31250 ili nipate sekunde moja. Nikiiweka sawa leo saa mbili asubuhi, kesho iko nyuma dakika 11. Wiki nyingine dakika 8. Nimejaribu kufidia kwenye programu, haikai. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuleta na namba, maana zenyewe zinajibu nusu ya swali.

Kwenye OCR1A kuna kosa dogo. Taima huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo 31250 ni hatua 31251. Andika 31249. Lakini kosa hilo linakuchelewesha sekunde zisizofika 3 kwa siku. Dakika 11 zinatoka kwingine.

Dakika 11 katika dakika 1440 za siku ni kama asilimia 0.76. Saa ya ndani ya chipu hii ni rezista na kapasita tu. Kiwandani huipima kwa volti 3 na nyuzi 25, na hata hapo wanaahidi tu kwamba haitapotoka zaidi ya asilimia 10. Ukiinyoosha mwenyewe kwa OSCCAL, rejista (nafasi ya namba ndani ya chipu) ya kurekebisha kasi ya saa hiyo, unaweza kufika asilimia 1, ila asilimia 1 ni dakika 14 na sekunde 24 kwa siku! Tena inayumba kwa joto na kwa volti. Ofisi ya walimu Njombe mwezi Juni, alfajiri na saa nane mchana, ni kama sehemu mbili tofauti. Ndiyo maana wiki hii ni 11 na ile ni 8, na ndiyo maana namba moja ya kufidia haiwezi kukaa.

Weka kristali ya megahezi 16 kati ya pini ya 9 na ya 10, na kila pini ipate kapasita ya pikofaradi 22 kwenda graundi. Waya ziwe fupi kabisa. Chipu ipate volti 5, kwa kasi hiyo 3.3 haitoshi. Lehemu kristali kwanza, ndipo ubadilishe fyuzi ya chini (si fyuzi ya umeme, ni mpangilio unaoiambia chipu itumie saa ipi) kutoka 0xE2 kwenda 0xFF. Vijana wengi hapa Mbeya huanza na fyuzi, chipu inanyamaza, wanaitupa wakidhani imekufa. Haijafa, inasubiri kristali. Kisha, kwenye programu, badilisha F_CPU iwe 16000000 na OCR1A iwe 62499. Elewa kwamba F_CPU haibadilishi kasi ya chipu. Inaiambia programu tu kasi ni ipi.

Hapo utabaki na sekunde chache kwa siku. Kwa mashine ya kugeuza mayai ningekuambia inatosha. Kwa kengele inayopaswa kwenda muhula mzima, na umeme wetu huu wa kukatika, ongeza DS3231, chipu ya kutunza saa. Ina kristali yake na inajipima joto na kujirekebisha: kati ya nyuzi 0 na 40 haipotoki zaidi ya sehemu 2 katika milioni, yaani chini ya sekunde 0.2 kwa siku. Andika 0x00 kwenye rejista 0x0E, pini ya SQW itatoa pigo moja kila sekunde. Usisahau rezista ya kuivuta kwenda volti 5.

Ukinunua DS3231 ikiwa kwenye bodi ya bluu ya ZS-042, tazama karibu na diodi ndogo ya kioo: kuna rezista inayochaji betri. Betri ya kidonge ya CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba. Ing'oe rezista hiyo kabla ya kuweka betri.

Kisha usiifunge ukutani bado. Ilinganishe na saa ya simu iliyounganishwa na mtandao kwa siku saba, uandike tofauti kila asubuhi. Ikizidi sekunde 2 kwa wiki nzima, niandikie tena pamoja na namba hizo.