Mivujo kwanza, pampu baadaye
Mnauliza kama pesa ya kwanza ya kuboresha mfumo wa maji inunue pampu mpya. Hapana, isiende kwenye pampu mpya, iende kuziba mabomba yanayovuja. Maji yaliyopotea yameshakula umeme tayari, lita 1,000 ni tani nzima hiyo na kuipandisha mita 100 tu ni kama uniti 0.27 hata pampu ingekuwa haipotezi chochote, kwa pampu za kawaida inafika 0.4 hivi, sasa ukiyaacha yamwagike ardhini umetupa maji na umeme kwa mpigo mmoja. Alafu ukinunua pampu kabla hujaziba utachukua kubwa kuliko unayohitaji na utakaa nayo miaka. Mi nimefanya kazi za mabomba, nenda kaangalie mita kuu ya maji saa nane usiku watu wote wamelala, ukikuta bado inazunguka mbio basi hapo ndo pesa inapopotelea. Ila kama presha iko juu sana anza na kuishusha, kuweka valvu ya kupunguza presha ni rahisi kuliko kufukua mabomba na mivujo yote inapungua siku hiyohiyo, hata ile ambayo bado hamjaiona.