Swali la lugha: "Mafuta changamano" au "lipidi tata"?

Swali: Nasomesha biolojia hapa Wete, Pemba. Katika kuandaa somo la seli nimeandika "mafuta changamano ya kiwambo cha seli". Mwalimu mwenzangu anashikilia kuwa ni "lipidi tata za utando wa seli". Nani kapatia?

Jibu: Maalim, kila mmoja wenu kapatia nusu.

Mafuta ni jina la ngeli ya YA-YA lisilo na umoja. Ukisema "mafuta mengi", msikilizaji hupima kwa chupa, hahesabu aina. Biolojia, kinyume chake, inataka kuhesabu. Sumu ya kipindupindu, ugonjwa tuujuao vyema visiwani, hushika lipidi (yaani dutu ya jamii ya mafuta) moja mahususi, GM1, iliyomo katika utando wa seli za utumbo, na hapo ndipo ipatapo njia ya kuingia. Nani atasema imeshika "mafuta moja"? Katika ugonjwa wa Tay-Sachs, kwa kukosekana kimeng'enya cha kuivunja, lipidi nyengine iitwayo GM2 hurundikana katika seli za neva za mtoto. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe "amerundikana mafuta", atamtazama tumbo na mashavu, ilhali kinachoharibika ni ubongo. Kwa hiyo andika lipidi, ngeli ya I-ZI: lipidi hii, lipidi hizi. Shahamu tumwachie muuza nyama.

Kuhusu kiwambo, nasimama na mwenzako. Neno hilo latokana na kuwamba, yaani kuivuta ngozi juu ya ngoma mpaka ikakazana, na ndiyo maana kiwambo cha sikio ni jina lililokaa pahala pake. Seli haikuwambwa namna hiyo. Tangu wanasayansi Singer na Nicolson walipotoa maelezo yao mwaka 1972, wanabiolojia huuona utando huo mwembamba kuwa ni kitu cha majimaji, ambamo lipidi na protini husogea ubavuni mwa zenzake. Chemsha maziwa, yaache yapoe, kisha uguse kwa ncha ya kijiko ule utando wa juu: hukunjamana na kusogea pasi na kupasuka. Mfano huo haulingani kwa kila kitu, lakini unakaribia zaidi kuliko ngoma. (Angalia tu kalamu isiteleze ukaandika utandu, ambao ni ukoko wa wali.)

Penye tata, mwenzako kakosea. Tata ni uzi uliofungamana usijulikane ncha yake. Lipidi hizi ncha zake zajulikana, kwani ni asidi za mafuta zilizounganishwa na kichwa cha fosfeti au cha sukari, na kuungana huko ndiko kuchangamana. Kweli, mwanakemia Thudichum, aliyetoa mwaka 1884 jina la sfingosini, dutu iliyomo katika baadhi ya lipidi hizi, alilichukua kwa Sphinx, yule kiumbe wa vitendawili wa Wayunani, kwa kuwa dutu hiyo ilimtatiza. Lakini huo ulikuwa utata wa mtafiti.

Andikeni, basi, "lipidi changamano za utando wa seli", na changamano msiliongezee kiambishi chochote, hata jina likiwa la ngeli nyengine.