Umekwama na Walter Scott? Anza na waswaga ng'ombe wawili

Msomaji ameniandikia kwamba ameifungua Waverley, riwaya ya mwandishi wa Uskoti Walter Scott, mara tatu, na kila mara ameiweka chini kabla ya sura ya 7. Hana kosa. Scott aliandika sura za mwanzo mwaka 1805, akaziacha, akazikuta miaka baadaye kwenye dawati kuukuu akitafuta vifaa vya kuvulia samaki. Riwaya ilitoka 1814 bila jina lake. Katika sura ya 5 mwenyewe anaomba radhi kwa kuwachosha wasomaji na siasa za zamani! Basi zipite sura hizo mbio, ukishika jambo moja: baba yake Edward, kijana shujaa wa riwaya, anaitumikia serikali, ila baba mkubwa aliyemlea bado anawapenda wafalme wa ukoo wa Stuart walioondolewa. Utamu unaanzia sura ya 8, Edward anapofika Tully-Veolan, makazi ya bwana mmoja huko Uskoti.

Kama hujawahi kumsoma kabisa, anza na The Two Drovers, hadithi fupi ya 1827. Robin Oig, Mskoti wa milimani, na rafiki yake Harry Wakefield, Mwingereza, wanaswaga ng'ombe kwenda kuuza Uingereza. Wanakosana kwa ajili ya malisho. Harry anamwangusha Robin kwa ngumi, kisha anampa mkono yaishe. Kwa Harry yamekwisha kweli. Kwa Robin ni fedheha isiyofutika. Kisu chake amemwachia mwenzake aliye nyuma njiani, kwa hiyo anatembea kukifuata, anarudi nacho na kumuua Harry. Hapo soma polepole sana. Hakimu anamhurumia Robin, lakini anamhukumu kifo kwa sababu ya zile saa mbili za mwendo: hasira ilikuwa na muda wa kupoa. Ukiwaelewa wote watatu, umemwelewa Scott.

Kisha The Heart of Midlothian (1818). Jeanie Deans anakataa kusema uongo mahakamani hata kumwokoa mdogo wake, halafu anafunga safari hadi London, sehemu kubwa kwa miguu, kumwombea msamaha. Msamaha ukishapatikana riwaya inalegea; ukiishia hapo hujapoteza kitu.

Mazungumzo ya Kiskoti yasome kwa sauti: ken ni kujua, bairn ni mtoto, kirk ni kanisa. Tafuta toleo lenye faharasa ya maneno. Na ule utangulizi mrefu usome mwisho, maana hutoboa siri za hadithi. Scott aliuongeza kwa toleo jipya la riwaya zake lililoanza kutoka 1829, akihangaika kulipa deni la zaidi ya pauni 100,000 lililomwangukia 1826.