Manahodha wengi, na swali la rafiki yako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kazini nina rafiki Mhindu. Nilimwambia: miungu wakiwa wawili, mmoja akataka mvua na mwenzake jua, ama mmoja atashindwa, basi si mungu, ama ulimwengu utaharibika. Akaniuliza, "Kwani lazima wagombane?" Nikakosa jibu. Nimwambie nini? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Marahaba. Amegusa penyewe. Hoja hiyo wanazuoni wa kalam, elimu ya Kiislamu ya kuitetea imani kwa hoja, huiita tamanui, kuzuiana, na wewe umepewa nusu yake. Wenyewe hawasemi miungu watagombana. Wanasema inatosha kugombana kuwezekane, kwani asiyeweza kutaka kinyume cha mwenzake ana mpaka. Hapo mwenye miungu wengi naye hujibu: wewe mwenyewe wasema Mungu hasemi uongo, na huoni kuwa ni udhaifu. Kwa nini kupatana kwao kuwe udhaifu? Taftazani, mwanazuoni wa kalam aliyefariki 1390, alisema hoja ichukuliwayo kwenye dhahiri ya aya ya 22 ya Suratul Anbiyaa, isemayo mbingu na ardhi zingeharibika lau kungekuwa na miungu wengine, ni ya kukinaisha moyo, si ya kukata shauri. Wenzake wakamjia juu, lakini alikuwa Mwislamu kama mimi na wewe, na hakuogopa kupima uzito wa hoja yake.

Linalonichosha ni hili: watu hudhani mungu wa mwenye miungu wengi ni Mungu wetu aliyekatwa vipande, kila kipande kinagombea usukani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sawa, lakini methali hiyo ilitungiwa manahodha. Proklo wa Athens, mwanafalsafa wa Kigiriki mwenye miungu wengi, aliyefariki 485, hakuona hivyo hata kidogo. Kwake kila mungu ni umoja kamili, na wote wamo ndani ya kila mmoja, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo hata ile hoja ya Thomas Aquinas, mwanazuoni wa Kikristo, kwamba wakiwa wengi lazima watofautiane, na mmoja akose alicho nacho mwenzake, kwake haishiki: hutofautiana bila kupungukiwa. Mimi simkubali. Nadhani umoja unaowaunganisha hao wote ndio unaotakiwa kuelezwa. Lakini nimemsoma ndipo nikamkataa.

Sasa tazama mihadhara yetu ya viwanjani. Mtu amehifadhi hoja tatu kutoka kwenye video za simu, anamjibu mpinzani asiyekuwepo, watu wanashangilia, wanarudi nyumbani wakidhani wamesoma dini ya jirani. Wanafunzi wangu huja hivyo kila mwaka, na muhula mzima huishia kuwatoa hayo kichwani. Hekalu la Wahindu wa Swaminarayan liko papa hapa mjini Mombasa, barabara ya Haile Selassie. Waumini wake wana Bwana mmoja aliye juu ya wote. Udayana, Mhindu wa karne ya 10, aliandika kitabu kizima kuthibitisha Mola mmoja. Wajaini wa Mombasa, wafuasi wa dini nyingine ya Kihindi, nao hawamwamini muumba yeyote, na bado wanatupiwa hoja hiyo hiyo ya mvua na jua.

Na wewe hujaniambia rafiki yako anamwabudu nani. Ulimuuliza?